Mawe Yaliyoandikwa: Ushuhuda wa Makanisa ya Kale ya Georgia



Katika makanisa yetu mengi liko jiwe moja karibu na mlango, au chini ya dirisha la mashariki, ambalo limeandikwa jina la Askofu aliyeliweka, na tarehe, na mwaka. Twalipita kila Jumapili tukienda kusali, nasi hatulitazami. Lakini wazee waliokuwapo siku ile wakiisha kufa wote, ni nani atakayejua kanisa lilianza lini, na kwa kazi ya nani? Litabaki jiwe tu.

Katika Yoshua sura ya 4 twasoma jinsi Yoshua alivyoamuru mawe kumi na mawili yatwaliwe katika mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake wazazi wao wawajibu. Hatusomi kwamba mawe yale yaliandikwa neno lo lote. Yalihitaji mzazi wa kuyasimulia. Somo letu la mwezi huu linahusu mawe ya namna nyingine, yaani mawe yaliyoandikwa, nasi tutakwenda kuyatazama katika nchi ya mbali sana ambako Wakristo wamekuwa wakiandika juu ya kuta za makanisa yao kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tano. Nchi hiyo ni Georgia. Tutauliza: mawe hayo yanatufundisha nini juu ya mambo yaliyopita, na twaweza kuyaamini mpaka wapi?

1. NCHI NA KANISA LAKE

Georgia tunayoizungumza si lile jimbo la Marekani. Ni nchi iliyo kusini ya milima mirefu ya Kaukazi, na upande wa magharibi inapakana na Bahari Nyeusi. Mji wake mkuu ni Tbilisi. Injili ilipokewa huko na mfalme Mirian katika karne ya nne, kwa mahubiri ya mwanamke mmoja, Mtakatifu Nino, ambaye Wageorgia humwita mwangazaji wa nchi yao. Kanisa lao ni la Kiorthodoksi, na mkuu wake huitwa Katolikosi.

Nchi hiyo ilikaa siku zote kati ya wakubwa waliogombana: Waajemi upande mmoja, Warumi wa Konstantinopoli upande wa pili, kisha Waarabu, Waturuki, Wamongoli, na mwishowe Warusi. Miji yake ilichomwa moto mara nyingi, na vitabu vikaungua pamoja na miji. Hapo ndipo utaona thamani ya jiwe. Kitabu huungua, huliwa na mchwa, huibwa. Tena kitabu kilichonakiliwa mara nyingi huweza kubadilika, kwa maana kila mwandishi anayekinakili aweza kukosea au kuongeza neno lake. Lakini jiwe lililochongwa mwaka ule ule jambo lilipotendeka latuletea maneno ya watu wa siku ile wenyewe.

2. HERUFI, NA JINSI WALIVYOHESABU MIAKA

Wageorgia wana herufi zao wenyewe, zisizofanana na za Kirumi wala za Kiarabu. Zile za kale zaidi, zinazoonekana juu ya makanisa, huitwa asomtavruli. Ni herufi kubwa, za mviringo na za pembe, zilizo rahisi kuchongwa. Kila herufi ni tarakimu pia: ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, na kadhalika hata makumi na mamia. Kwa hiyo mwaka huandikwa kwa herufi mbili au tatu tu.

Lakini mwaka wenyewe walikuwa na namna yao ya kuuhesabu, waliyoiita koronikoni. Wasomaji waliowahi kutazama Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 watakumbuka jedwali za kutafutia tarehe ya Pasaka, zenye hesabu ya mwezi ya miaka 19. Wageorgia walizidisha hiyo 19 ya mwezi kwa 28 ya jua, wakapata miaka 532. Baada ya miaka hiyo tarehe za Pasaka hurudi kama zilivyokuwa mwanzo. Duru moja ilikwisha mwaka 780, na nyingine ikaanza mwaka 781. Basi mtu akikuta juu ya jiwe la wakati huo neno koronikoni na herufi zenye jumla ya 223, ataongeza 780 na kupata mwaka 1003. Ndivyo yasemavyo maandishi ya Kanisa Kuu la Bagrati katika mji wa Kutaisi, yakitaja wakati sakafu ya kanisa ilipowekwa. Watu wale walihesabu miaka yao kwa Pasaka. Hata fundi wa sakafu alipoandika tarehe ya kazi yake, aliiandika kwa hesabu ya Ufufuo wa Bwana.

3. BOLNISI: ASKOFU DAVID NA MFALME MWAJEMI

Kusini ya Tbilisi liko kanisa la Bolnisi. Maandishi yake ndiyo ya kale zaidi ya yale yenye tarehe yaliyoonekana katika nchi ya Georgia yenyewe. Yanasema kwamba kwa msaada wa Utatu Mtakatifu ujenzi ulianza katika mwaka wa ishirini wa mfalme Peroz, ukamalizika baada ya miaka kumi na mitano. Kisha yanaombea rehema ya Mungu kwa kila atakayeabudu mahali hapo, na kwa kila atakayemwombea Askofu David.

Peroz alikuwa mfalme wa Uajemi, naye alianza kutawala mwaka 459. Kwa hiyo mwaka wake wa ishirini ni kama 478, na ukiongeza kumi na mitano utafika 493 au 494. Basi tarehe ya kanisa tumeipata.

Lakini tusiishie hapo, kwa kuwa jiwe hili lina mengine ya kutuambia. Peroz hakuwa Mkristo. Alikuwa mfuasi wa dini ya Zoroaster, na siku zile Georgia ilikuwa na mfalme wake mwenyewe, Vakhtang, Mkristo shujaa anayesifiwa sana katika vitabu vya historia vya Wageorgia vilivyoandikwa baadaye. Mbona Askofu David hakumtaja Vakhtang? Mbona alihesabu miaka ya nyumba ya Mungu kwa mfalme wa kigeni asiye Mkristo? Jibu ni kwamba mamlaka yaliyohesabika mahali pale yalikuwa ya Uajemi. Vitabu vya baadaye vyataka tumwone Vakhtang tu, ila jiwe latukumbusha uzito wa mkono wa Peroz juu ya nchi. Hata hivyo tazama Askofu alilotanguliza: Utatu Mtakatifu kwanza, mfalme baadaye. Mwinjili Luka naye alitaja miaka ya Kaisari Tiberio alipoeleza kuja kwa Yohana Mbatizaji. Kutaja mwaka wa mtawala si kumwabudu.

Jambo moja zaidi juu ya Bolnisi. Herufi kadhaa za maandishi hayo zimelika, na wanazuoni wamejaza mahali palipopotea. Katika vitabu vyao huyatia maneno ya kujaza ndani ya mabano, ili msomaji ajue yapi yanasomeka juu ya jiwe na yapi ni ya mwanachuoni. Huo ni uaminifu unaofaa kuigwa na kila mtu asimuliaye habari: hili nimeliona, na hili nalidhani.

4. ATENI: JUMAMOSI MBILI ZA MWEZI WA AGOSTI

Karibu na mji wa Gori, katika bonde la Ateni, liko kanisa la karne ya saba. Katika kuta zake watu wa zamani mbalimbali waliandika mambo yaliyowapata. Mmoja wao aliandika habari ya msiba mkubwa.

Katika karne ya tisa Tbilisi ilikuwa chini ya Waarabu, na mtawala wake alikuwa amiri Is-haq bin Ismail, ambaye Wageorgia humwita Sahak. Huyu alijitawala kama mfalme, asimtii Khalifa. Khalifa Al-Mutawakkil akamtuma jemadari wake Mturuki, jina lake Bugha, kuwaadhibu watu wa Kaukazi. Mwandishi wa Ateni anasema kwamba mwezi wa Agosti, tarehe tano, siku ya Jumamosi, koronikoni 73, mwaka wa 239 wa Waarabu, Bugha aliuchoma moto mji wa Tbilisi, akamshika amiri Sahak na kumwua. Tena mwezi ule ule, tarehe 26, siku ya Jumamosi, mtu wa Bugha aitwaye Zirak aliwakamata bwana mmoja jina lake Kakhay na mwanawe Tarkhuji.

Angalia jinsi mwandishi huyu alivyokuwa mwangalifu. Ametoa tarehe, siku ya juma, mwaka wa Kikristo na mwaka wa Hijria. Basi twaweza kumpima. Koronikoni 73 ukiongeza 780 ni mwaka 853. Mwaka 239 wa Hijria ulianza mwezi wa Juni 853. Hesabu mbili zimekubaliana. Tena ukihesabu kwa kalenda ya kale ya Julius, utaona tarehe 5 Agosti 853 ilikuwa kweli Jumamosi, na tarehe 26 pia, kwa maana ni majuma matatu kamili baadaye.

Sasa yupo shahidi mwingine, naye ni mwanahistoria mkubwa wa Waarabu, Al-Tabari, aliyekufa mwaka 923. Yeye pia anasimulia kuchomwa kwa Tbilisi, naye pia anamtaja Zirak. Lakini ameiweka habari hiyo katika mwaka 238 wa Hijria, yaani Agosti ya mwaka 852. Tumwamini nani? Mwaka 852 tarehe 5 Agosti ilikuwa Ijumaa, si Jumamosi. Maandishi ya Ateni hayajipingi hata mahali pamoja, nayo yaliandikwa katika nchi ile ile iliyoona moshi. Al-Tabari aliandika mbali, akikusanya habari nyingi sana za nchi nyingi. Kwa hiyo wengi hufuata mwaka wa Ateni. Hatusemi Al-Tabari alidanganya, la. Bila yeye tusingejua mengi ya vita vile. Ila katika jambo la mwaka, mtu mmoja asiyejulikana jina, aliyeandika mistari michache ukutani, amemsahihisha mwanachuoni mkubwa.

Kanisa la Kumurdo, kusini ya Georgia, lina ushahidi wa namna hiyo hiyo. Maandishi yake yanasema msingi uliwekwa na Askofu Ioane katika siku za mfalme Leon, koronikoni 184, mwezi wa Mei, siku ya Jumamosi, mwezi ukiwa siku yake ya kwanza. Huo ni mwaka 964. Sisi tuliokaa na majirani Waislamu twajua maana ya mwezi kuandama. Ukihesabu kurudi nyuma, utaona mwezi uliandama karibu na tarehe 14 Mei mwaka ule, na tarehe 14 ilikuwa Jumamosi. Mbingu zenyewe zimekuwa shahidi wa fundi.

5. OSHKI NA ZARZMA: KWA VINYWA VYA MASHAHIDI WAWILI AU WATATU

Torati yatuamuru kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 19:15), na Mtume Paulo analikumbusha jambo hilo kwa Wakorintho. Wanahistoria nao hufuata sheria hiyo.

Katika sehemu iliyoitwa Tao, ambayo leo imo ndani ya Uturuki, liko kanisa kubwa la Oshki. Lilijengwa na ndugu wawili wa ukoo wa kifalme, Bagrat na David, kati ya mwaka 963 na 973. Maandishi yanawataja wote wawili kuwa wajenzi. Bagrat alifariki mwaka 966, kwa hiyo twajua kazi ilianza kabla ya hapo. David naye anatajwa kwa cheo cha magistrosi alichopewa na Wagiriki, wala si kwa kile kikubwa zaidi cha kuropalati alichokipata baadaye. Ndivyo cheo cha mtu kinavyoweza kutuonyesha mwaka, hata pale ambapo mwaka haukuandikwa.

Msimamizi wa kazi ya Oshki aliitwa Grigol. Yeye aliacha jambo adimu sana, nalo ni hesabu ya matumizi. Ameandika gharama za kila mwaka: fedha, divai, chuma, ngano. Ametaja mafundi na vibarua sabini waliofanya kazi daima, na ng'ombe thelathini waliovuta mawe. Wazee wa kanisa na watunza hazina watampenda mtu huyu! Wafalme wengi walijenga makanisa, lakini ni wachache waliotuachia habari kwamba kazi ile ililiwa na watu sabini kila siku, na kwamba ng'ombe nao walihesabiwa.

Zarzma ni monasteri iliyo kusini-magharibi ya Georgia. Juu ya mlango wa kikanisa kidogo limetiwa jiwe kutoka kanisa la kale zaidi. Aliyeandika ni mtu aitwaye Ivane mwana wa Sula. Anasema kwamba wakati Skleros alipoasi katika nchi ya Wagiriki, David Kuropalati aliwasaidia wafalme watakatifu, akawatuma wote vitani, nao wakamkimbiza Skleros. Jambo hili latajwa pia katika vitabu. Mgiriki John Skylitzes anaeleza jinsi Bardas Skleros alivyomwasi Kaisari Basil wa Pili, na jinsi alivyoshindwa mwaka 979 na jemadari Bardas Phokas aliyepata msaada wa David. Watawa Wageorgia wa Mlima Athos nao wameacha habari ya Tornike, jemadari aliyekuwa mtawa, akaombwa arudi vitani, kisha kwa mali aliyoipata ikajengwa monasteri ya Iviron, ambayo iko hata leo.

Basi mashahidi ni watatu, nao wanakubaliana juu ya jambo lenyewe. Lakini kila mmoja asifu wa kwake: Mgiriki amtukuza Phokas, watawa wamtukuza Tornike, na Ivane akumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Ndivyo wanadamu walivyo. Hata hivyo pasipo jiwe la Zarzma, Ivane mwana wa Sula asingejulikana kabisa kwamba aliwahi kuwa vitani.

6. MKONO WA ARSUKIDZE: JIWE NA HADITHI

Kanisa Kuu la Svetitskhoveli katika mji wa Mtskheta lilijengwa upya na Katolikosi Melkisedeki, likamalizika mwaka 1029. Katika ukuta wa kaskazini umechongwa mkono wa kuume ulioshika kipimo cha pembe cha fundi, na kando yake yameandikwa maneno machache: kwamba huo ni mkono wa mtumwa Konstantine Arsukidze, aombewe msamaha.

Watu husimulia kwamba fundi huyo alikatwa mkono baada ya kazi, kwa wivu wa mkubwa wake au wa mfalme, ili asijenge kanisa jingine zuri kama lile. Mwaka 1939 mwandishi Konstantine Gamsakhurdia alitoa kitabu cha riwaya juu ya habari hiyo, na watu wengi wameisoma. Lakini rudi kwenye jiwe. Jiwe halisemi mkono ulikatwa. Linasema mkono wa nani, na kuomba sala. Mkono na kipimo ni alama ya kazi ya fundi. Hadithi imechipuka kutoka katika picha, kwa sababu watu waliona mkono peke yake wakajiuliza uliobaki uko wapi.

Ndugu, jambo hili hutokea hata parokiani. Mtu huona kitu kidogo, hukiongezea sababu, na baada ya miaka michache ile sababu inasimuliwa kama jambo lililoonekana kwa macho. Dawa yake ni kurudi na kusoma tena kilichoandikwa.

7. ANI: ADA ZA MAKASISI

Mji wa Ani, ambao leo ni magofu katika Uturuki mpakani mwa Armenia, ulikuwa mji mkubwa wa Waarmenia, na katika karne ya kumi na tatu ulikuwa chini ya enzi ya Georgia. Wageorgia walikuwa na makanisa yao huko. Mwaka 1218 Katolikosi Epiphane aliutembelea, na maneno yake yakachongwa juu ya ukuta wa kanisa.

Aliandika juu ya jambo gani? Juu ya ada! Makasisi wa Ani walikuwa wakitoza watu kupita kiasi kwa ndoa, kwa maziko na huduma nyingine. Katolikosi akaweka kiasi, akawaonya makasisi wasizidishe, akawataka waumini nao wawapende makasisi wao.

Hapa tujifunze kanuni moja ya kusoma maandishi ya kale. Mtu hakatazi jambo ambalo halitendeki. Sheria inapokataza, yatuonyesha kosa lililokuwapo. Hakuna mwandishi wa tarehe za wafalme ambaye angejali kutuambia kwamba maskini wa Ani walishindwa kuoa kanisani kwa ajili ya ada, lakini ukuta umetuambia. Tena angalia mahali Katolikosi alipoiweka amri yake. Hakuiandika katika barua ya kufungiwa kabatini na kasisi. Aliichonga ukutani, ili mwenye kulipa na mwenye kupokea waisome pamoja. Miaka mia nane imepita, na jambo lenyewe twalielewa kana kwamba limeandikwa juzi.

8. TAHADHARI KWA MSOMAJI WA MAWE

Tusije tukadhani kwamba kila lililochongwa ni kweli tupu. Kwanza, aliyeweza kulipa fundi wa kuchonga ndiye aliyeandikwa. Wajane waliotoa sarafu zao mbili mara nyingi hawamo. Pili, mtu hujisifu juu ya jiwe kama ajisifuvyo mdomoni. Tatu, mawe huhamishwa. Tumeona lile la Zarzma, lililotoka katika kanisa jingine. Mtu akilisoma bila kujua atadhani jengo analolitazama ni la karne ya kumi. Nne, jina moja laweza kuwa la watu wawili. Katika kanisa la Jvari, juu ya Mtskheta, limechongwa jina la Stepanos, patrikio wa Kartli, na kwa kuwa walikuwapo watawala zaidi ya mmoja wa jina hilo, wanazuoni wamebishana ni yupi.

Mara nyingine neno dogo hukata shauri. Katika monasteri ya Vardzia, iliyochimbwa ndani ya mwamba, malkia Tamar amechorwa pamoja na baba yake Giorgi wa Tatu. Karibu na jina la Tamar yapo maneno ya kumwombea maisha marefu, ambayo huandikwa kwa aliye hai, na baba yake hana maneno hayo. Tena Tamar amevikwa kama mwanamke asiyeolewa. Giorgi alikufa mwaka 1184, na Tamar aliolewa mara ya kwanza mwaka 1185. Basi picha imewekwa kwenye miaka hiyo, kwa kuwa sala moja ipo hapa na haipo pale.

9. WALE WALIOYANAKILI

Mawe nayo hufa. Matetemeko ya nchi huyaangusha, mvua huyala, na watu huyachukua kujengea mazizi. Baada ya Warusi kuliondolea Kanisa la Georgia uhuru wake mwaka 1811, kuta nyingi zilipakwa chokaa, na picha na maandishi yake yakafunikwa. Kwa hiyo tuna deni kwa watu waliotembea na kalamu. Mmoja alikuwa Mfaransa, Marie-Félicité Brosset, aliyezunguka Georgia mwaka 1847 na 1848 akinakili maandishi.

Mwingine ni Mgeorgia, Ekvtime Takaishvili. Alikwenda Tao mara tatu, mwaka 1902, 1907 na 1917, akipima makanisa na kunakili maneno yake. Yako maneno ambayo leo twayajua kwa sababu yeye aliyaandika. Mwaka 1921 jeshi la Urusi lilipoingia Georgia, alikabidhiwa hazina za makanisa na makumbusho ya nchi, akaenda nazo Ufaransa. Akakaa huko zaidi ya miaka ishirini katika umaskini, mkewe akafia huko. Angaliuza kikombe kimoja cha dhahabu, angalikula vizuri. Hakuuza hata kimoja. Mwaka 1945 alirudi na hazina yote, akafa Tbilisi mwaka 1953. Mwaka 2002 Kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu, naye anaitwa mtu wa Mungu.

10. NA SISI?

Huenda msomaji atauliza, mambo ya Georgia yatuhusu nini? Yatuhusu hivi. Katika parokia moja niliyoijua, kanisa lilipotengenezwa upya, mafundi walilipiga plasta jiwe la msingi pamoja na ukuta mzima, na hakuna aliyewazuia. Baada ya miaka michache ukazuka ubishi juu ya mwaka kanisa lilipojengwa na juu ya watu waliotoa kiwanja. Kila ukoo ulikuwa na habari yake. Jiwe lilikuwa pale pale, nusu inchi ndani ya plasta, limenyamaza. Mwishowe mzee mmoja aliomba patindo na nyundo. Habari ilipojulikana, koo mbili zilikuta kwamba majina ya babu zao wote wawili yameandikwa hapo, moja chini ya lingine.

Basi tuyatunze yaliyo yetu. Kila parokia iandike katika daftari maneno ya kila jiwe na kila kibao kilichomo kanisani, na yaliyo juu ya makaburi, herufi kwa herufi, hata makosa yaachwe yalivyo. Palipolika paachwe wazi, wala pasijazwe kwa kukisia. Daftari la ubatizo na la ndoa liwekwe pakavu, mbali na mchwa. Na tunapoweka jiwe jipya, tusiandike majina ya wakubwa peke yao. Grigol wa Oshki aliwahesabu vibarua sabini. Sisi nasi tuwakumbuke akina mama waliobeba maji na mchanga.

Mwisho, tukumbuke kwamba karibu maandishi yote haya, ya Askofu David na ya Arsukidze na ya wengine wasio na sifa, yanamwomba msomaji jambo moja: sala. Hawakuandika ili tuwape alama ya historia. Waliandika ili mtu apitaye awaombee. Nasi leo, tumewasoma. Tusipite hivi hivi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Soma Yoshua 4:1–9 na 20–24. Mawe ya Gilgali yalimhitaji nani ili yaeleweke? Katika nyumba yako, ni nani awasimuliaye watoto?

2. Mwandishi wa Ateni na Al-Tabari wanatofautiana juu ya mwaka. Kwa sababu zipi tunamfuata wa Ateni? Je, sababu hizo zaweza kutusaidia tunapoamua mashauri kanisani?

3. Je, lipo jambo linalosimuliwa juu ya parokia yetu ambalo halikuandikwa po pote? Twajuaje kama ni kweli?

4. Katolikosi Epiphane aliweka ada wazi ukutani. Je, mambo ya fedha katika kanisa letu yako wazi kwa wote?

5. Kazi ya kufanya: kila kikundi kinakili maneno ya jiwe au kibao kimoja cha kanisa letu, kimpe katibu wa parokia kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.